Umealikwa Krismasi Unguja: njia nne za kujibu, na kila moja inakataa nini

Makala haya ni ya Muislamu wa Unguja au Pemba ambaye jirani, mpangaji mwenzake au mfanyakazi mwenzake Mkristo amemwambia, “Tarehe 25 karibuni nyumbani,” naye hajui ajibu nini. Mtaani atapewa jawabu mbili, zote kwa sauti kubwa. Wa kwanza atamwambia kwamba akikanyaga kizingiti kile ametoka katika dini. Wa pili atamwambia dini zote ni moja na sikukuu ni pilau tu. Wote wawili wamempunja. Njia zilizopo ni nne, zinatofautiana sana, na kila moja imewahi kufuatwa na watu wazima wenye akili zao, Waislamu na hata Wakristo wenyewe.

Nitaziweka ubavu kwa ubavu, niseme kila moja inalinda nini na inagharimu nini, na ipi naiona inamfaa nani. Mizani yangu ni hii: anayeikataa sikukuu ya Kikristo huwa anakataa imani iliyomo ndani yake, au tarehe na desturi zake, au mtawala aliyekuja nayo, au jirani anayeisherehekea. Matatu ya mwanzo yanaweza kuwa na hoja. La nne sijapata kuliona na hoja, na shida yetu ni kwamba mtu hudhani amekataa la kwanza kumbe amekataa la nne.

Krismasi ilivyofika hapa

Wareno walifika mwisho wa karne ya 15 na mizinga yao, na utawala wao ulipong’oka, ibada zao ziling’oka nao. Ukristo tulio nao leo ni wa karne ya 19. Mapadri wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Universities’ Mission to Central Africa) wakahamia hapa mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Waumini wao wa mwanzo hawakuwa watu wa mji. Walikuwa mateka waliokombolewa majahazini, wengi wao watoto wa bara, wakalelewa Kiungani na Mbweni. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri, mwaka 1890, alikuwa Myao aliyewahi kuwa mtumwa. Mwaka huohuo Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza.

Mtu wa mji wa zama zile alipoiona Krismasi, aliona mambo matatu kwa mpigo: imani isiyo yake, Mzungu aliyekuja kutawala, na watu ambao juzi tu walikuwa wakinadiwa sokoni. Akaikataa. Katika kukataa kule mlikuwa na tawhidi, mlikuwa na uchungu wa kutawaliwa, na mlikuwa na dharau kwa mtu wa asili ya utumwa. Viwili vya mwanzo naviheshimu. Cha tatu tumekirithi, na tunakiweka hai kila tunapobinua midomo tukasema “skukuu ya wabara”.

Linganisha na Habasha, Ethiopia ya leo. Kule Ukristo uliingia katika karne ya 4 kwa kupokewa na mfalme wao wenyewe, Ezana, bila jeshi la mtu wa nje. Ndiyo maana Wakristo wa huko wana Krismasi yao, Ganna, tarehe 7 Januari kwa kalenda yao wenyewe, na Timkat, sikukuu ya kubatizwa kwa Isa, tarehe 19 Januari, ambayo huijaza mitaa kwa watu waliovaa shuka nyeupe. Hakuna anayewaambia kwamba wamefuata mambo ya Wazungu. Mtu akikuletea dini na pingu pamoja, hata ukizipenda nyimbo zake utasita kuziimba.

Lakini historia yetu hiyohiyo ina upande tusioutazama sana. Kanisa la Mkunazini lilijengwa palipokuwa soko la watumwa, baada ya Sultani Barghash kutia saini mwezi Juni 1873 mkataba wa kulifunga. Kiwanja alikitoa mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Saa ya mnarani ilitolewa na Barghash mwenyewe. Husimuliwa kwamba aliomba mnara usilipite jumba lake kwa urefu, na Askofu Steere wa UMCA akakubali. Barghash hakuwa mtu wa kuchezea dini. Alikuwa Ibadhi mwenye msimamo, aliyezungukwa na wanavyuoni, na imani ya Steere hakuikubali hata chembe. Alimpa saa.

Njia ya kwanza: kutokwenda

Hii ndiyo njia ya masheikh wengi wa kwetu, na mizizi yake ni mirefu. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, katika karne ya 14, waliona kwamba kushiriki sikukuu za dini nyingine, na hata kuzipongeza, ni kuridhia itikadi iliyomo. Hushikwa pia hadithi inayoonya kwamba mwenye kujifananisha na watu huwa miongoni mwao. Hoja hii ni nzito kuliko wanavyodhani wanaoicheka. Krismasi ya kanisani haisemi tu kwamba Isa alizaliwa; inasema kwamba aliyezaliwa ni Mungu. Muislamu akiyasikia hayo akayanyamazia kwa ajili ya sahani ya pilau, ana kila sababu ya kuihoji nafsi yake.

Wengi hatujui kwamba njia hii wameipita Wakristo pia, tena kwa ukali kutushinda sisi. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, lilipiga marufuku Krismasi, na haikurudi rasmi mpaka mfalme aliporudi mwaka 1660. Koloni la Massachusetts huko Amerika liliweka mwaka 1659 faini ya shilingi tano kwa atakayeonekana anaisherehekea, na sheria hiyo ilikaa hadi 1681. Uskoti tarehe 25 Disemba haikuwa siku ya mapumziko mpaka mwaka 1958. Watu hawa walimpenda Yesu kwa moyo wao wote. Walichokataa ni siku: Injili haitaji tarehe ya kuzaliwa kwake, na kumbukumbu ya mwanzo iliyo wazi ya tarehe 25 Disemba ni ya Roma ya mwaka 336, karne tatu baadaye. Kwao lilikuwa jambo lililozuliwa na watu. Msomaji wa Zanzibar hahitaji kufafanuliwa hoja hiyo. Huisikia kila Mfungo Sita, baina ya wanaosoma Barzanji na wanaosema kwamba Maulidi ni bidaa.

Na Pemba walikuwepo Wakristo wa namna hiyo. Mwaka 1897, mwaka uliofutwa utumwa kisheria katika visiwa vyetu, Marafiki wa Uingereza, yaani Wakristo wa madhehebu ya Quaker, walianzisha misheni yao Banani, akiiongoza Theodore Burtt, ili waliotoka utumwani wapate kazi na makazi. Asili ya Marafiki ni kutokuwa na Krismasi wala Pasaka. Kwao kila siku ni takatifu sawa na nyingine. Leo hii Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei, tangu walipoiacha baada ya mwaka 1926, na wapo Wasabato wasioadhimisha kuzaliwa kwa Yesu siku hiyo. Kwa hiyo ukimwona mfanyakazi mwenzako Mkristo tarehe 25 yuko kazini kama kawaida na hataki hata kofia nyekundu, usimdhanie kwamba ni mlegevu. Huenda ndiye mshika dini kuliko wote ofisini.

Njia hii inalinda itikadi, tena inailinda vizuri, khasa kwa anayejijua kwamba akikaa penye shangwe husahau mipaka yake. Gharama yake iko kwa jirani. Yuleyule aliyekuja matangani kwako akateka maji na kukaa jikoni na wanawake mpaka usiku, tarehe 25 anaiona pazia yako imefungwa na hajui kosa lake. Kukataa kwa kunyamaza ndiko kunakouma. Mwambie mapema, kwa mdomo wako: “Jirani, ahsante kwa kutukumbuka. Skukuu hii sisi hatuiendei kwa ajili ya dini yetu, lakini mlango wetu ni wako kama siku zote.” Sijamwona Mkristo aliyekasirika kwa maneno hayo. Nimewaona walioumia kwa kukosa neno.

Kuna mpaka hapa lazima uchorwe. Kukaa kando ni jambo moja, kumzuia mwenzio ni jambo jingine kabisa. Wasovieti waliifuta Krismasi katika siku za mapumziko mwaka 1929, kisha mwaka 1935 wakaurudisha mti wake kwa jina la mti wa Mwaka Mpya. Cuba iliiondoa mwaka 1969, sababu iliyotolewa ikiwa ni mavuno ya miwa, na ikairudisha mwishoni mwa 1997 Papa Yohane Paulo II alipokuwa anakaribia kuzuru. Serikali ya Somalia ilipiga marufuku sherehe za Krismasi mwezi Disemba 2015. Katika nchi zote tatu mtawala ndiye aliyekataa kwa niaba ya watu, na mtu aliyekatazwa hajachagua lolote, kwa hiyo hana hata thawabu ya kuchagua.

Na kwetu tumeona mabaya zaidi ya marufuku. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi ya mwaka huo Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Mtoni akielekea kuongoza misa. Sheikh na mapadri, katika miezi minne. Anayezitumia hoja za Ibn Taymiyya kukaa nyumbani kwake tarehe 25 ana haki yake kamili, na asikubali kufungamanishwa na bunduki. Lakini naye asinyamaze jirani yake anapoogopa kwenda kanisani.

Njia ya pili: salamu bila kwenda

Hapa wanavyuoni wamegawanyika kweli. Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa ya Misri, huona kwamba inajuzu kuwapongeza Wakristo katika sikukuu zao, na mwanachuoni Yusuf al-Qaradawi naye aliwahi kuruhusu, kwa kutegemea aya ya 8 ya Surat al-Mumtahana, isemayo kwamba Mwenyezi Mungu hakukatazeni kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakukupigeni vita kwa ajili ya dini wala hawakukutoeni majumbani mwenu. Misri tarehe 7 Januari, Krismasi ya Wakopti, imekuwa mapumziko ya nchi nzima tangu 2003. Upande wa pili imesimama Indonesia: baraza la wanavyuoni la huko lilitoa mwaka 1981 fatwa ya kuwakataza Waislamu kushiriki sherehe za Krismasi za pamoja. Mwenyekiti wake, Hamka, alipotakiwa aiondoe, alijiuzulu. Fatwa ile ilihusu kuhudhuria. Suala la salamu Waislamu wa huko hulijadili upya kila mwaka.

Ukiichagua njia hii, angalia maneno. “Skukuu njema, Mungu akupeni afya na umri” haina itikadi yoyote ndani yake. Kadi yenye hori, nyota na maandishi ya “Mwana wa Mungu amezaliwa” inayo, basi usiitume. Tuma tende, tuma halua, tuma mikate ya kumimina. Hivyo havisemi neno.

Njia hii inafaa kwa mkubwa wako wa kazi, kwa mteja, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mtu mnayejuana kwa juu juu. Kwa jirani wa ukuta mmoja ni baridi mno. Mtu unayemsikia akikohoa usiku humtumii picha ya maua kwa simu.

Njia ya tatu: kwenda nyumbani, si kanisani

Hii ndiyo ninayoipendelea kwa majirani, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoharibiwa sana kwa kutojua namna ya kuifuata.

Msingi wake ni aya ya 5 ya Surat al-Maida, inayohalalisha chakula cha waliopewa Kitabu. Lakini kabla ya aya hiyo kuna kisa tulichofundishwa chuoni tukiwa wadogo. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume aliwaelekeza Habasha, kwa mfalme Mkristo. Najashi alipowauliza habari za dini yao, Jaafar bin Abi Talib alimsomea Surat Maryam, mbele ya makasisi wake. Hakuificha tofauti wala hakuipiga kelele. Alianzia kwa Maryamu, ambaye pande zote mbili zinampenda. Wakaishi miaka chini ya ulinzi wa Wakristo, na wengi wao wakarudi na imani yao nzima. Anayesema kwamba kukaa na Mkristo siku moja kutaiyeyusha dini yako, aniambie basi miaka ile ya Habasha iliwayeyusha wangapi.

Walebanoni wamelifuata jambo hilohilo kiserikali. Tangu 2010 tarehe 25 Machi, siku ya Bishara, Maryamu alipopashwa habari na malaika, ni mapumziko ya taifa kwa Waislamu na Wakristo pamoja. Hawakuchagua kusulubiwa wala ufufuko, ambako wangegombana. Walichagua mlango ambao wote wanaweza kuupita.

Ila mfano ulio karibu zaidi na sisi ni Senegal. Nchi ile Waislamu ni wengi mno, kama hapa, na bado rais wake wa kwanza, Léopold Sédar Senghor, alikuwa Mkatoliki na alitawala miaka 20. Ijumaa Kuu akina mama wa Kikristo hupika ngalax, uji mzito wa uwele, siagi ya karanga na ubuyu, wakajaza ndoo na kuzipeleka nyumba kwa nyumba kwa majirani Waislamu. Ikifika Idd ya kuchinja, nyama hurudi njia ileile. (Na sisi tunaojiona ndio wenye ubuyu duniani, tunaishia kuutia rangi na iliki tukawauzia wageni.) Kisiwani Fadiouth, Waislamu na Wakristo huzikwa katika makaburi ya pamoja. Sababu si kwamba watu wa Senegal ni wazuri kuliko sisi. Koo zao zimechanganyika. Katika nyumba moja utamkuta mjomba wa msikitini na shangazi wa kanisani, kwa hiyo kuikataa sikukuu huwa ni kumkataa shangazi. Hapa kwetu dini, asili na hata mtaa mara nyingi hukatika mahali pamoja, na ndipo inapokuwa rahisi kusema “wao”.

Sasa namna ya kwenda. Ibada zina saa zake: mkesha usiku wa tarehe 24 na misa asubuhi ya 25. Uliza watarudi saa ngapi, na wewe fika mchana, baada ya Adhuhuri. Hutakuwa umekosa adabu, wenyewe wanajua. Kuhusu nyama, wenyeji Wakristo wa pwani wana desturi nzuri ya kumwita Muislamu awachinjie kuku au mbuzi ili majirani wale bila wasiwasi. Kama hujaambiwa, uliza kwa upole siku moja kabla: “Mtachinjiwa na nani? Naweza kuja kuwachinjia.” Ni msaada, na huondoa shaka yote. Nyama iliyonunuliwa Darajani kwa kawaida imekwishachinjwa Kiislamu, ndiyo hiyohiyo unayokula kwako.

Mwenyeji atasali kabla ya chakula. Kaa kimya kwa heshima, kisha sema Bismillahi yako. Huna haja ya kuinamisha kichwa wala kuitikia amina juu ya maneno usiyoyaamini, na hakuna atakayekutazama. Zikianza kufunguliwa bia, aga. Hilo ndilo jambo ambalo wengi huliogopa zaidi, na dawa yake ni kufika mapema na kuondoka mapema. Alasiri ikikukuta, omba mahali pa kusali. Katika nyumba za Wakristo wa Unguja wapo wanaoweka msala kwa ajili ya wageni wao, na kuombwa kwao ni furaha.

Watoto ukienda nao, waeleze kabla ya kutoka, si baada ya kurudi. Mtoto wa miaka saba ataona mti wenye taa na atauliza kwa nini sisi hatuna. Mwambie kwamba sisi tunamwamini Nabii Isa na mama yake, kwamba wenzetu wanamwamini kwa namna isiyo yetu, na kwamba leo tumekuja kumtembelea jirani. Mtoto hulielewa jambo hili upesi. Wakubwa ndio wazito.

Gharama ya njia hii ni maneno ya mtaani. Utasemwa, na huenda ukasemwa na mtu wa msikitini kwako unayemheshimu. Kama huna uwezo wa kueleza kwa utulivu kwa nini ulikwenda, bado hujawa tayari kwa njia hii, na ya pili itakutosha mwaka huu.

Njia ya nne: kuisherehekea

Wajapani wameonyesha inavyowezekana. Wakristo kwao ni kama mtu mmoja katika mia, tarehe 25 si mapumziko, na bado nchi nzima huwasha taa, hula keki yenye krimu na stroberi, na tangu kampeni ya KFC ya mwaka 1974 hupanga foleni kununua kuku wa Krismasi. Wameuchukua mti wakaiacha imani. Sikukuu iliyokwisha kutolewa roho haimtishi mtu, ndiyo maana waliipokea kwa urahisi namna ile.

Hapa kwetu njia hii imeingia kwa mlango wa hoteli. Nenda Nungwi au Paje mwezi wa Disemba utakuta miti ya plastiki, theluji ya pamba na vijana wa Kiislamu waliovikwa kofia nyekundu. Sioni kwamba Muislamu ana haja ya kuupeleka mti ule sebuleni kwake. Anaijaribu dini yake bila faida, na pia anamvunjia heshima Mkristo, ambaye kwake siku ile ni ibada na si pambo. Mapadri wenyewe hulalamika kila mwaka kwamba Krismasi imemezwa na biashara.

Kijana wa hoteli ana shida yake halisi, kwa sababu yeye hakualikwa, amepangiwa. Ushauri wangu kwake: zungumza na msimamizi kabla ya ratiba kutoka. Kubali kufanya kazi tarehe 24 usiku na 25 mchana, omba usivae kofia, na badala yake mwenzako Mkristo akufanyie zamu yako siku ya Idd. Kumpa Mkristo siku nzima ya kukaa na watoto wake ni zawadi kubwa kuliko keki yoyote, na wala hujaikaribia ibada yake.

Penye ugumu zaidi

Shuleni. Baadhi ya shule za chekechea huandaa igizo la kuzaliwa kwa Yesu, na mtoto wako akapewa awe malaika au mchungaji. Hili silo la kula chakula. Ni la kutamka itikadi kwa kinywa cha mtoto. Omba kwa barua apewe kazi nyingine, ya kupanga viti au kupokea wageni. Walimu wengi huelewa, na asiyeelewa akumbushwe kwamba mtoto wa Kikristo naye hapaswi kulazimishwa kughani kasida.

Wenye mama Mkristo. Ndoa za Unguja na bara zimezaa watoto wengi wa namna hii, na wanaulizwa maswali ya kikatili. Aya ya 15 ya Surat Luqman inawahusu hawa moja kwa moja: wazazi wakikushikilia umshirikishe Mungu usiwatii, lakini kaa nao kwa wema duniani. Mama yako akikupikia tarehe 25, nenda ukale. Asitokee mtu akakufanya umwache bibi mzima peke yake na sufuria la wali siku aliyoingojea mwaka mzima.

Pasaka usiipime kwa kipimo cha Krismasi

Watu huziweka pamoja, na si sawa. Kuzaliwa kwa Isa bin Maryamu tunakukubali, tunapotofautiana ni nani aliyezaliwa. Kusulubiwa kwake hatukukubali kabisa, na ndiko kunakobeba Ijumaa Kuu na Pasaka yote. Kwa hiyo aliyejiona salama katika njia ya tatu mwezi wa Disemba anaweza, bila kujipinga, kurudi njia ya pili ifikapo Pasaka: salamu na sahani, bila kukaa.

Kuna na la kalenda. Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani mfululizo, na mwaka 2026 Kwaresma na Ramadhani zimeanza karibu siku moja. Mkristo anayeishi kati yetu hujikuta na sherehe mchana ambapo mtaa mzima umefunga, na wengi wao huzuia harufu ya vyungu kwa kuchelewesha mapishi mpaka magharibi. Heshima ya namna hiyo ina haki ya kujibiwa. Akikuletea sahani ya Pasaka mchana wa Ramadhani, usiirudishe. Ipokee, iweke, uifuturie, na kawa lake lisirudi tupu. Kwa hesabu za mwezi, Krismasi ya 2031 nayo itakuwa ndani ya Ramadhani, na watakaotaka kuwaalika majirani zao mwaka huo itabidi waandike kwamba chakula ni baada ya adhana ya Magharibi.